Uzito wa Nyuma

Pikapu ikiwa tupu, kichwa chake ni kizito na mkia wake ni mwepesi. Injini, giaboksi, betri, rejeta, dereva na abiria wake wako mbele. Nyuma kuna bodi ya bati, ekseli na upepo unaopita. Tena kwenye pikapu za zamani, kabla gari la kusukumwa na magurudumu yote manne halijawa jambo la kawaida, kazi yote ya kulisogeza gari ilikuwa ya matairi mawili ya nyuma, yaani yale yale yaliyopewa uzito mdogo. Ukikanyaga mafuta kwenye utelezi, nguvu ya injini inafika nyuma na kukuta tairi halijakandamizwa vya kutosha ardhini. Tairi linazunguka, gari limesimama.

Tatizo hili limewasumbua watu wengi duniani. Huko Marekani kuna mchezo mzima unaolizunguka. Magari mawili yanapangwa sambamba kwenye mstari ulionyooka, taa inawaka, na anayefika mwisho wa robo maili kwanza, takriban mita 402, ndiye mshindi. Chama kikubwa cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951. Pikapu kuukuu zinapendwa sana kwenye mashindano hayo kwa sababu bei yake ni ndogo na injini yake ni kubwa, lakini ugonjwa wao ni ule ule: mkia mwepesi. Wenye magari wamebuni dawa nyingi. Wanahamishia betri nyuma. Wanapunguza upepo wa matairi ya nyuma ili yalale chini na kushika eneo kubwa zaidi. Wanafunga vyuma kati ya ekseli na fremu ili springi zisijikunje na kuifanya ekseli irukeruke. Wanafunga difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja. Kabla ya kuanza wanayazungusha matairi palepale mpaka yatoe moshi, kwa sababu mpira ukipata moto unalainika na kunata.

Nilipoanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu usafiri katika Bonde la Kilombero, mjomba wangu alinitajia karibu orodha hiyo hiyo kwa majina mengine. Alikuwa utingo wa pikapu na baadaye wa lori kuanzia katikati ya miaka ya 1980, akitokea Ifakara kwenda kokote ambako kulikuwa na mpunga. Hajawahi kuona mashindano ya Marekani. Alichokijua alikijua kutokana na tope.

Katika semina moja chuoni, mwanafunzi mwenzangu aliniuliza kwa nia njema kabisa: hii ni historia, au ni ufundi wa magari? Makala hii ni jibu langu refu. Naamini kwamba mshiko wa tairi, popote ulipopatikana kwenye bonde hili, ulikuwa na mtu aliyeulipia kwa mwili wake, na kwamba ukimtafuta mtu huyo utaiona historia ya bonde kwa namna ambayo takwimu za tani na kilomita haziwezi kuionyesha.

*

Kwanza ardhi yenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini mashariki. Mito inateremka kutoka pande zote mbili, inakutana chini na kuufanya Mto Kilombero, ambao nao unakwenda kukutana na Luwegu na kuzaliwa Rufiji. Masika ikikolea, kati ya Machi na Mei, mto unatoka kwenye kingo zake na kufunika tambarare. Ndiyo maana mpunga unakubali. Ndiyo maana pia Wandamba, wenyeji wa tambarare hiyo, walikuwa mafundi wa mitumbwi muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria kuwauzia gurudumu. Mwaka 2002 eneo hili liliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kwa dereva, maana ya maneno hayo ni moja: udongo wa mfinyanzi, mweusi, unaopasuka kiangazi na kuteleza kama sabuni masika. Udongo huu una tabia mbili zinazopingana. Ukilowa juu tu huku chini kukiwa kugumu, unahitaji uzito ili tairi likate ule utelezi na kufika kwenye ugumu. Ukilowa mpaka chini, uzito huo huo unakuzika. Kwa hiyo swali la utingo wa Kilombero lilikuwa gumu kuliko la mshindani wa Marekani, ambaye anakimbia juu ya lami iliyosafishwa na kupakwa gundi. Yeye anajua kilichopo chini ya tairi lake. Utingo alilazimika kushuka, kukunja suruali na kwenda kupima kwa miguu.

*

Kuna kejeli katika historia ya bonde hili, na inaanza na mpira.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Baiskeli zikaenea Ulaya, magari yakafuata, na dunia ikawa na njaa ya mpira. Miaka hiyo mashamba makubwa ya mpira ya Asia yalikuwa hayajaanza kuzaa, kwa hiyo mpira ulitafutwa porini, Amazoni, Kongo na katika misitu ya Afrika Mashariki. Bonde la Kilombero lilikuwa na mitoria, mimea inayotambaa ambayo watu waliijua kwa matunda yake. Shina lake likichanjwa linatoa utomvu mweupe, nao ukiganda unaviringishwa kuwa donge. Mwanahistoria Jamie Monson, ambaye wengi wanamjua kwa kitabu chake kuhusu reli ya TAZARA, aliandika pia kuhusu biashara hiyo ya mpira wa Kilombero kati ya mwaka 1890 na 1914. Ukimsoma unaona jinsi msitu, kodi ya Mjerumani, wafanyabiashara wa pwani na njia za misafara vilivyofungwa pamoja na madonge yale.

Madonge hayo yalitoka bondeni juu ya vichwa vya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya Afrika Mashariki ulikuwa kilo 25 hadi 30, na safari ya kwenda pwani ilikuwa ya majuma. Mpira uliokwenda kulifanya gurudumu la Ulaya liende laini ulibebwa na watu ambao njia zao hazikuwa na gurudumu hata moja. Kisha mpira wa mashambani wa Malaya na Ceylon ukaingia sokoni kwa wingi, bei ikaanguka mwaka 1913, na biashara ya mpira wa mwitu ikafa. Mwaka uliofuata vita ikaanza, na watu wale wale wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Wabelgiji walipoingia Mahenge Oktoba 1917, nyuma ya kila kikosi kulikuwa na msururu wa wapagazi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Nataja wapagazi kwa sababu wao ndio mwanzo wa mlolongo wangu. Mguu wa binadamu una mshiko mzuri sana kwenye tope. Vidole vinajikita, kisigino kinapima, uzito unahamishwa hatua kwa hatua. Gari lilipokuja kuchukua nafasi ya mguu, lilikuja bila akili hiyo. Ilibidi mtu aiongeze kwa nje.

*

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wapenda magari wa Nairobi walianzisha mashindano yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally. Njia zake zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeshaanza. Hayakupita Ifakara kwa umaarufu wowote, lakini kwa anayetafuta historia ya mshiko wa nyuma ni kumbukumbu nzuri, kwa sababu kila kitu kiliandikwa.

Angalia washindi wa mwanzo. Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa kobe, lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Halikuwa na nguvu nyingi. Lilichokuwa nacho ni injini iliyowekwa nyuma kabisa, juu ya matairi yanayosukuma. Uzito wake wote wa maana ulikuwa mahali pa kazi. Magari yenye nguvu mara mbili yalibaki yakizungusha matairi kwenye tope, kobe akapita.

Mwaka 1963 na tena 1968 mvua ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari saba tu yalimaliza kila mwaka, kati ya makumi yaliyoanza. Mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na Peugeot 404, gari ambalo katika umbo la pikapu lilikuja kuwa punda wa wafanyabiashara kote Afrika Mashariki. Kisha wakaja Datsun. Picha za magari yao ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 zinaonyesha vishikio vilivyofungwa kwenye buti na vibao vya kukanyagia kwenye bampa la nyuma. Havikuwa urembo. Gari likianza kuteleza, msaidizi wa dereva alishuka, akazunguka nyuma, akapanda kwenye bampa na kushikilia, akawa gunia la mchanga lenye macho. Tope likiisha alirudi ndani.

Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 na 1971 akiwa na msaidizi wake Hans Schüller. Majina yote mawili yapo kwenye orodha ya washindi. Ninalisisitiza jambo hili dogo kwa sababu kazi ile ile, kwenye bampa la nyuma la pikapu ya mpunga, haikumpatia mtu yeyote nafasi kwenye orodha.

*

Reli ndiyo iliyotangulia kulifungua bonde. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965, likifuata sukari. Kisha TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China na kupita Kidatu, Mang'ula, Ifakara mpaka Mlimba kabla ya kupanda milima. Kulikuwa na treni fupi ya wenyeji iliyoitwa Kipisi, ambayo ilibeba ndizi, mchele, kuku na wafanyabiashara wadogo kutoka stesheni hadi stesheni.

Lakini reli inasimama stesheni. Kutoka shambani mpaka stesheni, na kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto mpaka pantoni, kulihitajika kitu kingine, na kwa muda mrefu kitu hicho kilikuwa haba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na Vita ya Kagera kumaliza hazina, Tanzania ilikosa fedha za kigeni hata za vipuri. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Tairi lilikuwa kitu cha kibali. Watu waliendesha mpaka kashata zikaisha, tairi likawa kipara, nyuzi zikaonekana.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, bila kuuliza sana zilikotoka. Pikapu zikaanza kuonekana kwa wingi. Nyingi zilikuwa Toyota, Datsun na Peugeot zilizokwisha kutumika, zinazosukumwa na matairi ya nyuma tu. Toyota ilikuwa imeanza kutoa Hilux ya magurudumu manne tangu 1979, lakini bei yake haikuwa ya mfanyabiashara wa mpunga wa Ifakara. Matajiri, kama wenye magari wanavyoitwa, walinunua walichoweza. Gari lililoundwa kwa ajili ya barabara za lami likaletwa kwenye mfinyanzi, na pengo kati ya viwili hivyo likazibwa na kijana wa miaka kumi na minane mwenye koleo.

Kijana mmojawapo alikuwa mjomba.

*

Nilirekodi mazungumzo yetu kwa siku nne, barazani kwake. Kila nikimsalimia shikamoo mjomba, naye anajibu, "Marahaba mjomba," kwa sababu kwetu neno hilo linakwenda pande zote mbili. Nilimwomba anieleze kazi kama vile anamfundisha utingo mpya.

La kwanza, alisema, ni kupanga mzigo. Gunia halitupwi tu kwenye bodi. La kwanza linalazwa juu ya ekseli, la pili pembeni yake, kisha unakwenda mbele kuelekea kwenye kibini. Ukilundika nyuma ya ekseli, mkia unabonyea kweli, lakini pua inanyanyuka, na dereva anakata usukani bila gari kukata kona. Mtu aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuifanya hesabu hiyo. Msuguano unakua kadiri uzito unaokandamiza unavyokua. Chukua pikapu ambayo matairi yake ya nyuma yanabeba kilo 500 ikiwa tupu. Magunia mawili ya kilo mia mia juu ya ekseli yanaongeza asilimia 40. Magunia hayo hayo yakiwa kwenye ncha ya bodi, sehemu ya mzigo wa mbele inahamia nyuma, na usukani unakuwa mwepesi mno. Mjomba hakuwa na asilimia, ila alijua gunia la pili linakaa wapi.

Safari ya kwenda, gari likiwa tupu, ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kurudi kulikuwa na mpunga. Kwa hiyo walipakia mchanga Ifakara, wakaumwaga walikokwenda kuchukua mzigo. Wakati mwingine hawakuhitaji mchanga kwa sababu kulikuwa na abiria. "Abiria ni mchanga unaolipa nauli," aliniambia, bila kucheka.

La pili ni upepo. Kwenye utelezi unapunguza upepo wa matairi ya nyuma mpaka ubavu uvimbe kidogo, tairi linarefuka chini na kukanyaga eneo kubwa. Mbele ya safari unalijaza tena kwa pampu ya mkono, na pampu hiyo ni kazi ya utingo. Kupunguza ni dakika mbili, kujaza ni nusu saa ya mgongo. Ukisahau kujaza, tairi lililolegea linapata moto kwenye barabara ngumu na kupasuka, na hilo nalo ni kosa la utingo.

La tatu ni difu. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lenye kazi nyepesi. Tairi moja likiwa kwenye tope na jingine kwenye ukavu, la kwenye tope linazunguka kama feni na la kwenye ukavu linatazama. Mshindani wa Marekani anaifunga difu yake. Madereva wa Ifakara waliivuta breki ya mkono kidogo, kiasi tu cha kulizuia tairi linalozunguka ovyo, ili nguvu irudi kwa mwenzake. Ilikula breki, lakini ilitoa gari.

La nne ni kulisha tairi. Kashata zikijaa mfinyanzi, tairi jipya linakuwa kipara, kwa hiyo inabidi lipewe kitu cha kung'ata: pumba za mpunga, matawi, magunia matupu, mawe kama yapo, na mwisho wa yote, ubao. Utingo anausukuma ubao mbele ya tairi la nyuma akiwa amepiga magoti, anapiga kelele "Kanyaga!", kisha anaruka pembeni.

Hapo ndipo alipokinyanyua kiganja chake cha kushoto. Vidole viwili vinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Nimekiona kiganja hicho tangu nikiwa mtoto, na siku zote tuliambiwa "ni gari". Sasa nilielewa gari lilifanya nini. Tairi lilipopata mshiko halikupanda ubao, liliurusha nyuma, na mkono wake ulikuwa bado uko katikati ya ubao na bampa. Tajiri alimlipa ujira wa siku ile. Mzigo ulifika.

*

Kwenye nyaraka za usafiri ninazozisoma kuna safu za tani, kilomita, misimu na hali ya barabara. Neno ninalokutana nalo mara nyingi ni "haipitiki". Barabara haipitiki kuanzia Machi. Kwa mtazamo wa ofisi, haipitiki ni mwisho wa habari. Lakini mpunga ulitoka Machi. Wagonjwa walifika Ifakara Aprili. Walimu walirudi vituoni Mei. Kati ya "haipitiki" na vitu vilivyopita, kuna kazi kubwa ambayo haina safu.

Kazi hiyo haikuwa ya utingo peke yake. Gari likinasa, abiria walishuka. Wanaume walisukuma, na wakati mwingine wanawake pia. Kisha dereva alibadili shauri: wengine wasukume, na watu wanne wazito wapande nyuma kabisa na kurukaruka kwa pamoja gari linapoondoka. Mjomba anakumbuka wanawake waliotoka soko moja kwenda jingine ambao walishajua kazi yao, wakapanda wenyewe bila kuambiwa na kuanza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Walikuwa wamelipa nauli, na mzigo wao nao umelipiwa. Juu ya hayo walitoa uzito.

Na kejeli ya mpira ilirudi. Mwaka 1969 serikali, ikishirikiana na kampuni ya Marekani, ilianzisha General Tyre East Africa huko Arusha, na kwa miongo kadhaa tairi la General lilikuwa ndilo tairi la Tanzania. Ili kupata malighafi nchini, mpira ulipandwa kwenye mashamba mawili: Kihuhwi huko Muheza, na Kalunga humu humu wilayani Kilombero. Bonde lililotoa utomvu wa mwitu kwa matairi ya Ulaya likawa na safu za mipira iliyochanjwa kwa ajili ya kiwanda cha taifa. Inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na siku ambayo tairi lenye utomvu wa Kalunga ndani yake lilizunguka bure kwenye tope la njia ya Kalunga. Kiwanda kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Miti haikusimama, inaendelea kukua.

*

Mambo yamebadilika, na ni vizuri yamebadilika. Nasema hivi wazi kwa sababu vijana wenzangu tuna ugonjwa wa kuyaonea huruma mambo ya zamani ambayo hatukuyabeba. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni. Mei 2018 daraja la Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa, likaitwa Daraja la Magufuli, na pantoni ikabaki hadithi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, pamoja na daraja la Ruaha Mkuu, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 2024. Safari ambayo masika iliweza kula siku mbili sasa inakwisha kabla hujamaliza kusikiliza muziki kwenye simu. Hakuna mtu anayepaswa kupoteza vidole ili mchele ufike Morogoro.

Ila lami ina namna yake ya kusahaulisha. Kwenye hotuba za uzinduzi, historia ya barabara huanza siku mkataba uliposainiwa, na kabla ya hapo kulikuwa na "adha". Neno adha linameza kila kitu: breki ya mkono iliyovutwa kidogo, gunia la pili juu ya ekseli, wanawake waliohesabu moja mbili tatu. Ujuzi ule unageuzwa kuwa mateso matupu, kana kwamba waliokuwepo walikuwa wakingoja tu kuokolewa. Waliteseka, ndiyo. Lakini pia walifikiri, tena walifikiri vizuri, kuhusu tatizo ambalo watu wenye karakana za kisasa wanalilipia maelfu ya dola.

Isitoshe, ujuzi huo haujastaafu. Ukitoka kwenye lami, barabara nyingi za kwenda mashambani bado ni udongo, na masika bado ni masika. Kinachobadilika ni chombo. Siku hizi ni bodaboda na bajaji ya mizigo, nayo ina tatizo lile lile la uzito wa nyuma. Kijana anayebeba magunia mawili kwenye bodaboda anayafunga karibu na mgongo wake, juu ya gurudumu. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia ndivyo yanavyofungwa. Kuna mtu alimfundisha, na huyo naye alifundishwa na mtu.

Kwa hiyo kwenye tasnifu yangu nimeamua kuweka ramani. Siku ya mwisho ya mazungumzo yetu, mjomba alinitajia sehemu kumi na nne zilizokuwa zikinasa magari kati ya Ifakara na mashamba ya mpunga, na kwa kila moja akanieleza udongo wake: hapa juu utelezi chini kugumu, ongeza uzito, hapa hakuna chini, shusha kila kitu, vusha gari tupu kisha bebeni mzigo kwa vichwa, hapa kuna jiwe kushoto, lielekeze tairi la kushoto. Nimezichora kwa mkono juu ya ramani ya wilaya. Tatu ziko chini ya lami sasa. Moja ni mahali alipoumia, na aliitaja kama zile nyingine, kwa udongo wake tu.

Masika ijayo nitakwenda kuwatafuta matingo wengine wa enzi hiyo na kuwaonyesha ramani, mmoja mmoja, waseme wapi wanakubaliana naye na wapi wanabisha. Watabisha, najua. Matingo hawakubaliani kuhusu tope.